Mkopo Ambao Mwenye Nyumba Hajauomba Benki

Kila ifikapo Agosti na Septemba, barua za kudahiliwa shahada ya uzamili zinapoanza kutoka, msako wa nyumba huanza pamoja nazo. Jijini Dar es Salaam msako huo una utaratibu wake unaojulikana. Anapigiwa simu dalali wa Sinza au wa Kimara, anauliza bajeti, anataka elfu kumi au ishirini ya usumbufu, kisha anawazungusha mume na mke kwenye nyumba tatu nne kwa mchana mmoja. Hii ina sebule kubwa lakini maji hutoka usiku tu. Ile ina choo cha ndani lakini Luku ni ya kuchangia wapangaji watatu, na hakuna kati yao anayekubali kwamba friji ni yake. Wakifika kwenye ile inayowaingia moyoni, mmoja anafungua bomba la jikoni, mwingine anahesabu soketi, wanatazamana. Hapo ndipo dalali anapotaja sharti ambalo kila mmoja alikuwa analijua tangu asubuhi: mwenye nyumba anapokea kodi ya mwaka. Wakibembeleza sana, miezi sita.

Sharti hilo limezoeleka kiasi kwamba watu hulizungumzia kama wanavyoizungumzia masika: linaudhi, lakini nani wa kulilaumu? Mabishano ya wenzi wengi hubaki kwenye idadi ya vyumba, mtaa na kiwango cha kodi kwa mwezi. Mimi naona wanabishania jambo la pili na kuliacha la kwanza. Kodi ya mkupuo ni mkopo. Mpangaji anamkopesha mwenye nyumba, bila riba na bila dhamana, na kwa wenzi ambao mmoja wao anaingia darasani, mkopo huo unatolewa katika mwaka ule ambao wao ndio walistahili kukopeshwa. Madhara yake si ya mfukoni tu. Unawafanya wachague nyumba isiyowafaa, unamfunga mwanafunzi kwenye kalenda isiyo ya chuo, na unabadilisha nani ana kauli ndani ya nyumba hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza nyumba ina vyumba vingapi, wenzi wangeuliza kodi inalipwa kwa vipindi gani, na wangekuwa radhi kupunguza chumba kimoja ili wapate kipindi kifupi.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni ambao mkazi yeyote wa Kinondoni au Ubungo ataona hauko mbali na anayoyajua. Tuseme nyumba ni ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwaka mmoja ni 3,600,000, na dalali anachukua mwezi mmoja wake, kwa hiyo siku ya kupewa ufunguo zinatoka 3,900,000. Tuseme tena kwamba wenzi hawa walikuwa kila mmoja anapeleka nyumbani 900,000, na sasa mmoja ameacha kazi au amechukua likizo bila malipo ili asome. Kilichobaki ni mshahara mmoja. Siku ya ufunguo imekula zaidi ya mishahara minne mizima ya yule aliyebaki kazini, na hapo ada ya muhula wa kwanza haijaguswa, kitanda hakijahamishwa, kompyuta mpakato haijanunuliwa. Aliyebaki kazini, kama alisoma shahada ya kwanza kwa fedha za Bodi ya Mikopo, anaendelea pia kukatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Kwa hiyo kaya hii ina mkopo mmoja inaoulipa kwa ajili ya elimu iliyopita, na mwingine inaoutoa kwa mwenye nyumba kwa ajili ya paa.

Kwamba huo ni mkopo, hesabu nyingine ndogo inaonyesha. Kama kodi ingelipwa mwanzoni mwa kila mwezi, mwenye nyumba angekuwa anapokea 300,000 na kuistahili ndani ya mwezi uleule. Anapopokea ya mwaka, siku ya kwanza anashika kodi ya miezi kumi na moja ambayo bado haijakaliwa. Mwezi unaofuata miezi kumi, na kuendelea hivyo. Ukichukua wastani wa mwaka mzima, amekaa na 1,650,000 ambayo si yake bado. Riba za mikopo ya benki zetu kwa miaka ya karibuni zimekuwa zikizunguka asilimia 15 hivi. Mtu ambaye angekwenda kukopa kiasi hicho benki kwa mwaka angelipa riba ya karibu robo milioni. Yaani mwenye nyumba amepata faida inayokaribia kodi ya mwezi wa kumi na tatu, mwezi ambao haumo kwenye kalenda wala kwenye mkataba. Kwenye biashara nyingine yoyote, mnunuzi anayelipa mbele kwa kiasi kikubwa hupunguziwa bei. Ukinunua saruji mifuko mia kwa fedha taslimu, muuza duka atakuongelesha kwa heshima. Kwenye kupanga, anayelipa mwaka mzima hupewa bei ileile na huambiwa ashukuru.

Na huo si mzigo pekee wa mwenye nyumba unaohamia kwa mpangaji kimyakimya. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo, ambayo kisheria ni ya mwenye jengo, inakatwa kupitia Luku, na anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi chake kwa mwezi ni kidogo na Serikali ilishauri wahusika waelewane wenyewe namna ya kurudishiana. Wanaorudishiwa sijui kama wanajaza daladala moja.

Sasa tazama mkupuo huu unavyoharibu uchaguzi wenyewe. Mtu anayetoa karibu milioni nne kwa siku moja anataka kuziona hizo milioni nne. Anataka marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, kabati za jikoni, geti linalofunguka bila kusukumwa na bega. Haya ni mambo mazuri, lakini hayamo kwenye mahitaji makuu ya mtu anayekwenda kuandika tasnifu. Yeye anahitaji meza inayokaa mahali pamoja bila kuondolewa saa ya chakula, umeme usiogombewa, utulivu wa saa tatu usiku mpaka saa sita, na usafiri unaotabirika. Chumba na sebule chenye vitu hivyo, Msewe au Changanyikeni, umbali wa kutembea au wa bodaboda moja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kinaweza kumfaa kuliko nyumba ya vyumba vitatu Goba. Lakini mkataba wa mwaka humfanya mtu awaze maisha ya mwaka mzima, pamoja na wageni wa Desemba na mtoto ambaye huenda akazaliwa, na kwa hiyo huchukua nyumba kubwa, mbali, ya bei ileile. Angelipa kwa miezi mitatu, angeweza kuanza na ndogo na kuhama hali ikibadilika. Mkupuo unafanya kosa la uchaguzi liwe ghali sana kurekebisha, na watu wanaoogopa kosa ghali huishia kununua ukubwa kama kinga.

Hali kwa mwanafunzi wa uzamili hubadilika haraka kuliko kwa mtu yeyote mwenye ajira ya kudumu. Programu nyingi zina mwaka wa kwanza wa masomo ya darasani na wa pili wa utafiti. Mwaka wa kwanza anahitaji kuwa karibu na chuo siku nyingi za wiki. Wa pili anaweza kuwa Kigoma akihoji wavuvi au Mbeya akipima udongo kwa miezi kadhaa, kisha arudi akae ndani akiandika. Mahitaji ya miaka hiyo miwili ni ya nyumba mbili tofauti. Aliyelipa mwaka mzima Oktoba, akapata kibali cha kwenda utafitini Aprili, analipia ukuta ambao mwenzake anautazama peke yake. Tena awamu ya pili ya kodi inaangukia Oktoba nyingine, mwezi uleule wa ada ya mwaka wa pili. Aliyepanga kalenda ya kodi hakuwafikiria wanafunzi, na sioni kwa nini angewafikiria. Lakini wenzi wanaosaini mkataba huo wanapaswa kujifikiria wao.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa madaktari wanaosoma ubingwa katika Chuo Kikuu cha Muhimbili. Hospitali ya Taifa ina kampasi ya Upanga, katikati ya jiji, na ya Mloganzila iliyoko mbali nje ya barabara ya Morogoro, na kati ya hizo mbili kuna zaidi ya kilomita 20. Daktari anayesomea ubingwa anaweza kuwa na majukumu sehemu moja kipindi hiki na nyingine kipindi kijacho, pamoja na zamu za usiku. Akichukua nyumba Upanga, kodi itammaliza. Akichukua Kibamba, zamu ya Upanga itammaliza. Jibu la wengi ni kukaa katikati, Kimara au Ubungo, na kuitegemea njia ya mwendokasi iliyoanza kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Ni jibu la busara, ingawa anayelijua basi la mwendokasi la saa moja asubuhi anajua kwamba kuwa kwenye njia na kupata nafasi ni mambo mawili. Hata hivyo busara hiyo inahitaji nafasi ya kujaribu: kukaa Kimara miezi mitatu, kuona ratiba inavyokwenda, kisha kuamua. Mkataba wa mwaka hauruhusu majaribio. Na mwenzake ana kazi yake, labda Tegeta, labda Gongo la Mboto, ambayo nayo ina saa zake za kuripoti.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo halisemwi sana mbele ya dalali. Fedha ya mkupuo mara nyingi hutoka kwa mtu mmoja, yule aliyebaki na mshahara au mwenye akiba. Kodi ya kila mwezi huchanganyika na mambo mengine ya nyumbani: huyu kalipa kodi, yule kanunua gesi na mchele, mwezi ujao wanabadilishana. Milioni nne haichanganyiki na kitu. Inabaki na jina la aliyeitoa kwa mwaka mzima. Aliyeitoa ndiye aliyechagua mtaa, ndiye aliyesaini mkataba, ndiye anayepigiwa simu na mwenye nyumba. Mwanafunzi, awe mke au mume, anaanza kuishi kama mgeni aliyekaribishwa, na ugomvi wa kwanza kuhusu vyombo visivyooshwa utaonyesha nani anajihisi mwenyeji. Sheria yetu ilikwishafika mbali zaidi ya hapo. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa hata kama hakuleta shilingi. Lakini kodi ya nyumba haiachi mali ya kugawana. Ikishalipwa imekwenda, na shahada inayopatikana mwishoni ina jina moja tu juu yake. Wenzi wenye akili timamu watataka mzigo huo ugawanyike kidogo kidogo, wauone wote wawili kila mwezi, kuliko uwe deni la moyoni la mtu mmoja kwa mwingine.

Kwa wale ambao bado hawajafunga ndoa kuna kingine cha ziada. Wenye nyumba wengi huuliza, tena bila kuona haya, kama wawili hawa wameoana, na jibu la "tunajiandaa" huwafukuza baadhi na kuwapandishia kodi wengine. Watu hao wajue basi kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 160, inaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakatambulika na jamii kama mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, lakini ipo. Miaka miwili ni urefu wa kawaida wa shahada ya uzamili. Wapo watakaohitimu na vyeti viwili.

Wenye nyumba wana utetezi wao, na si wa kudharau. Wa kwanza ni kwamba wao nao wamejenga bila benki. Mikopo ya nyumba nchini haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa, na Kampuni ya Tanzania ya kugharimia upya mikopo hiyo, TMRC, iliyoanzishwa mwaka 2010, imeongeza kasi lakini haijageuza picha. Mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba vinne vya kupangisha Mbezi alivijenga kwa kiinua mgongo, kwa tofali za leo na bati za mwaka kesho, na kodi ya mwaka kutoka kwa mpangaji wa kwanza ndiyo iliyoweka madirisha kwenye chumba cha pili. Ukimwondolea mkupuo, umemwondolea benki yake pekee. Nakubali maelezo hayo kama historia ya desturi hii; naamini ndiyo sababu yake kuu. Ila yanathibitisha hoja yangu badala ya kuivunja. Kama mkupuo ni mtaji wa ujenzi, basi mpangaji ni mwekezaji, na mwekezaji hupewa kitu: punguzo la kodi, au mkataba wa miaka miwili usiopanda bei, au ruhusa ya kurudishiwa miezi asiyoikaa. Mwenye nyumba wa namna hiyo anayempa mwanafunzi kodi ya 260,000 badala ya 300,000 kwa sababu amelipa mwaka, huyo amefanya biashara ya haki na sina ugomvi naye.

Utetezi wa pili ni hofu ya kutolipwa. Mpangaji anaingia kwa tabasamu, mwezi wa tatu anaanza kukwepa simu, na kumtoa kwa njia ya sheria kupitia baraza la ardhi na nyumba la wilaya au mahakama kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko uvumilivu wa mtu anayetegemea kodi hiyo kula. Hofu hii ina ushahidi mkubwa. Shirika la Nyumba la Taifa, lenye historia tangu 1962, wanasheria wake na nguvu ya dola nyuma yake, limekuwa likitangaza mara kwa mara malimbikizo ya kodi na kutishia kuwatoa wadaiwa, zikiwamo taasisi za Serikali yenyewe. Ikiwa shirika linahangaika, mjane wa Mabibo atafanyaje? Lakini tuangalie mkupuo unatibu nini hasa. Unamlinda mwenye nyumba kwa miezi ile iliyolipwa tu. Mpangaji mbaya aliyelipa mwaka huwa mbaya mwezi wa kumi na tatu, na hapo mwenye nyumba hana chochote mkononi, wala cha kutengenezea mlango uliovunjwa. Kinachotibu hofu ya kutolipwa ni amana: fedha ya mwezi mmoja au miwili inayokaa pembeni muda wote wa upangaji na kurudishwa mpangaji akiondoka salama. Kwenye mfano wetu, amana ya miezi miwili, kodi ya mwezi wa kwanza na ya dalali ni jumla ya 1,200,000. Mwenye nyumba amelindwa mpaka siku ya mwisho, na wenzi wamebakiwa na 2,700,000 za ada na za kula.

Majirani zetu wa Nairobi wanaishi hivyo. Kawaida yao ni kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, wakati mwingine miwili, na kodi inatumwa kwa simu kabla ya tarehe tano. Sisemi Nairobi ni peponi. Ugomvi wa amana zisizorudishwa ni wimbo wa kila siku, na wasimamizi wa majengo wanaofunga mlango wa mpangaji aliyechelewa kwa kufuli la pili wanajulikana. Ila lipo jambo la kuzingatia. Sheria ya Kenya ya kudhibiti kodi za nyumba inagusa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 za Kenya kwa mwezi, na nyumba za namna hiyo leo ni chache mno. Kwa hiyo si sheria hiyo iliyowafanya wenye nyumba wa Nairobi wapokee kwa mwezi. Ni desturi, na ushindani, na urahisi wa kulipa kwa simu. Sisi tuna simu hizo hizo. Anayesema Waswahili hawalipi bila kushikwa shati aeleze kwa nini majengo ya ghorofa yanazidi kuota Nairobi kwa fedha za watu wanaolipa kila mwezi.

Wengine watasema dawa ni sheria tu: Bunge lipige marufuku kodi ya zaidi ya mwezi mmoja au mitatu, yaishe. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo haya yamebaki kwenye makubaliano ya wawili, ambayo maana yake kwa mwenye shida ya nyumba ni masharti ya mmoja. Ningefurahi kuona kifungu cha kiasi kinachoweka ukomo wa miezi mitatu. Lakini anayedhani kifungu kitatosha atazame Ghana. Sheria yao ya mwaka 1963 inakataza mwenye nyumba kudai kodi ya mbele ya zaidi ya miezi sita. Miaka zaidi ya sitini baadaye, wapangaji wa Accra wanaombwa ya mwaka mmoja, hata miwili, na wanatoa, kwa sababu anayekwenda kushtaki anabaki na haki yake na anakosa chumba. Serikali ya huko ilipoona marufuku haifanyi kazi, mwaka 2023 ilizindua mpango wa kumkopesha mpangaji ile kodi ya mbele, naye airudishe mwezi kwa mwezi. Hapo walikiri kwamba tatizo ni la mkopo na likatafutiwa dawa ya mkopo, ingawa mpango wa namna hiyo una hatari ya kuwahalalishia wenye nyumba desturi yao kwa fedha ya umma.

Kwetu ipo mashine ambayo tayari inazunguka. Bodi ya Mikopo hukata deni lake kwenye mshahara kabla haujafika kwa mwenyewe. Vyama vya ushirika wa akiba na mikopo hufanya vivyo hivyo kwa wanachama wao kazini. Mwenzi aliyebaki kazini anaweza kukatwa kodi ya nyumba kwa njia ileile, ikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi, kwa ridhaa yake ya maandishi na kwa muda wa mkataba. Mwenye nyumba mwenye hofu ya kutolipwa angepata uhakika mkubwa kuliko ule wa neno la mtu. Vyuo navyo vina nafasi. Hosteli tunazojivunia, kama zile za Magufuli zilizofunguliwa Mlimani mwaka 2017 zikiwa na nafasi 3,840, zilijengwa kwa hesabu ya kitanda, na kitanda hakipokei mume, mke na mtoto. Sitegemei chuo kijenge nyumba za familia kesho. Lakini ofisi ya wanafunzi inaweza kuwa na orodha ya wenye nyumba wa Survey, Makongo, Msewe na Changanyikeni wanaokubali kodi ya muhula, ikawathibitishia kwamba mpangaji huyu ni mwanafunzi wa kweli. Kwa wamiliki wanaoishi jirani na chuo na kutegemea chuo, barua hiyo ina uzito.

Nimesikia pia hoja kwamba mkupuo una heri yake: unawalazimisha vijana kujinyima, na ukishalipa mwaka unalala usingizi, hugongewi mlango. Usingizi huo ni wa kweli na siudharau. Mwanafunzi anayejua kodi imelipwa hadi Septemba anaandika vizuri zaidi ya anayehesabu siku. Ila wenzi wenye nidhamu ya kukusanya 3,600,000 kabla ya kulipa wana nidhamu ya kuziweka hizo fedha kwenye akaunti ya pamoja na kuzitoa kila mwezi. Usingizi ni uleule, na fedha ziko mikononi mwao siku ada inapopanda, kompyuta inapoibiwa kwenye daladala, au msimamizi wa tasnifu anaposema sura ya tatu irudiwe na utafiti uongezwe wilaya moja.

Mpaka hayo ya makato na orodha za vyuo yatimie, wenzi wanaozunguka na dalali Septemba hii wana vitu viwili vya kudai. Waanze na vipindi: miezi mitatu mitatu pamoja na amana, na kama mwenye nyumba anasita, wampe amana kubwa kidogo kabla ya kumpa miezi zaidi. Akishikilia mwaka, wadai punguzo, na wataje kiasi, kwa sababu sasa wanajua kwamba wanachompa kina thamani ya karibu mwezi mmoja wa kodi. Cha pili kiko kwenye karatasi. Mikataba inayouzwa stesheneri, ile ya ukurasa mmoja yenye nafasi za kujaza majina, mara nyingi ina mstari unaosema kodi ikishalipwa hairudishwi. Mstari huo ukatwe kwa kalamu, pembeni iandikwe kwamba mpangaji akitoa taarifa ya miezi miwili atarudishiwa miezi asiyokaa, na pande zote mbili zitie sahihi palepale kwenye marekebisho mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Na majina kwenye nafasi ya mpangaji yawe mawili, la mwenye mshahara na la mwanafunzi.